Vyandarua vya Kilifi: Habari ya Kazi Ndogo Iliyopata Kuwa Kubwa



Kila mwaka katika kitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na majina ya ndugu waliotutoka, huwa twaweka kurasa chache za historia. Mwaka huu tumechagua habari ya chandarua. Huenda mtu akacheka, akasema kwamba chandarua si jambo la kuandikiwa historia. Lakini katika mikutano yetu limeulizwa swali moja tena na tena: kwa nini kazi njema za afya, zinazoanzishwa katika kijiji kimoja na kufaulu mbele ya macho yetu, hufa mara wale waliozianzisha wanapofunga mizigo yao? Na je, ni kazi gani iliyopata kutoka kijijini ikaenea nchi nzima na kudumu? Tumetafuta mfano ulio karibu nasi, tukauona katika chandarua kilichotiwa dawa. Twauleta mbele yenu pamoja na makosa yake, kwa kuwa makosa nayo yana mafunzo.

TAVETA NA PARE

Twaanza na habari ya kale. Katika miaka ya 1950, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, kuanzia Taveta hata nchi ya Wapare, palifanywa kazi kubwa ya kupigana na malaria. Kazi hiyo iliongozwa na wataalamu wa taasisi ya Amani, katika milima ya Usambara. Tangu mwaka wa 1955 hata 1959 makundi ya wapuliziaji yalipita nyumba kwa nyumba, yakinyunyizia kuta za ndani dawa iitwayo dieldrin, ili mbu atuaye ukutani baada ya kunyonya damu afe. Kazi ilifaulu. Mbu waenezao malaria walipungua mno, homa ikapungua, na vifo vya watoto wachanga vikapungua.

Mwaka wa 1959 upuliziaji ulikoma. Haukukoma kwa kushindwa. Ulikoma kwa sababu tangu mwanzo ulikusudiwa kuwa jaribio, na jaribio lilikuwa limekwisha kutoa jibu lake. Wataalamu waliendelea kuja kupima na kuandika, na waliyoyaona ni haya: mbu walirudi, na malaria nayo ikarudi katika damu ya watu, hatua kwa hatua, mwaka baada ya mwaka.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu watu wa Amani. Walifanya kazi yao kwa uaminifu, na elimu waliyoiacha imewafaa waliokuja nyuma yao. Twaandika ili ionekane wazi kwamba jambo laweza kufaulu kabisa kama jaribio, na bado lisimwachie mwenyeji kitu cha kudumu. Mama wa Taveta hakuwa na haja ya jibu la kuandikwa kitabuni. Haja yake ilikuwa mtoto wake aishi, na huyo aliyemfuata aishi, na wajukuu waishi. Kati ya jibu la kitabuni na haja ya mama huyo pana safari ndefu, na habari yetu ni habari ya safari hiyo.

KUTOKA GAMBIA HATA KILIFI

Nchini Gambia, Afrika ya Magharibi, watu wa vijijini walikuwa wamezoea tangu zamani kulala ndani ya vyandarua. Mwaka wa 1989, katika vijiji vya karibu na mji wa Farafenni, vyandarua hivyo vilichovywa katika dawa iitwayo permethrin, ambayo iliundwa kwa kuiga nguvu ya ua la pareto, zao ambalo wakulima wa Kenya wanalijua vizuri. Chandarua kisicho na dawa humzuia mbu tu, tena kikiwa na tundu humkaribisha. Chandarua chenye dawa humwua mbu anapotua juu yake. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 1991, yalisema kwamba vifo vya watoto wa umri wa mwaka 1 hata miaka 4 vilikuwa vimepungua kwa asilimia 63.

Wengi walishangaa, na wengine hawakusadiki. Serikali ya Gambia ilipoanza mwaka wa 1992 kuieneza kazi hiyo katika nchi, faida ilionekana tena, lakini ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza: vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 25. Kisha wanavijiji wakatakiwa kuilipia dawa ya kuchovya, na mara hiyo waliochovya vyandarua vyao wakapungua sana. Twawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana litarudi mbele.

Likabaki swali kubwa. Je, dawa hiyo ingefaa mahali pengine, penye mbu wa namna nyingine na watu wasiozoea chandarua? Ndipo majaribio makubwa yakafanywa Burkina Faso, Ghana na Kenya. Huko kaskazini mwa Ghana vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 17. Upande wa Kenya mahali palipochaguliwa ni Kilifi, pwani.

Kilifi palikuwa na kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka wa 1989 na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, pamoja na wenzao wa Uingereza. Kituo hicho kilikaa ndani ya hospitali ya wilaya, hata madaktari wakawaona kwa macho yao watoto walioletwa usiku wakiwa na degedege na upungufu wa damu. Kabla ya kugawa chandarua hata kimoja, wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka wa 1991 hata 1993, wakiandika kila aliyezaliwa na kila aliyekufa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na uhai wa mtoto ni mali ipitayo mali zote. Pasipo daftari lile, hakuna ambaye angeweza kusema kwa haki kwamba jambo lolote lilibadilika.

Mwezi wa Julai 1993 maeneo yaligawanywa kwa kura. Nusu ya maeneo yakapewa vyandarua vyenye dawa kwa watu wote wakaao humo, na nusu yakabaki kama yalivyokuwa. Watoto wa chini ya miaka 5 waliofuatwa walikuwa zaidi ya 11,000. Kazi ikaendelea kwa miaka 2, na vyandarua vilitiwa dawa upya kila baada ya miezi 6. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1996. Katika nyumba zenye vyandarua, vifo vya watoto wa mwezi 1 hata miaka 5 vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44.

Ndugu zetu, hesabu hii maana yake ni kwamba katika kila watoto watatu ambao wangezikwa, mmoja alibaki akicheza uani. Hilo lilijulikana mwaka wa 1996, hapa Kenya, kwa ushahidi wa Kenya.

MIKONO ISIYOONEKANA

Hapo yafaa tusimame kidogo tujiulize ni nini kilichoibeba kazi ya Kilifi. Chandarua peke yake hakikuibeba. Palikuwa na watu walioajiriwa kupita vijijini, waliozungumza na wazee wa mitaa, walioleta beseni na dawa mpaka karibu na mlango, na waliorudi mwezi wa sita kuchovya tena. Mama hakutakiwa kutoka mbali wala kutoa senti. Mikono hiyo yote ilikuwa ndani ya jaribio, lakini haikuonekana katika hesabu ya mwisho, ambayo ilitaja chandarua na vifo tu.

Jaribio lilipokwisha, uchovyaji uliwekwa katika utaratibu wa kawaida, ambapo wenyeji walipaswa kuvichukua vyandarua vyao mpaka kituoni, na baadaye kuchangia gharama ya dawa. Yakatokea yale yale ya Gambia. Walioleta vyandarua walipungua, na ilipokuja habari ya kulipa wakawa wachache mno. Chandarua kilibaki kitandani, lakini dawa yake ilikuwa imekwisha.

Wako waliosema kwamba watu wa vijijini ni wavivu na hawajui faida yao wenyewe. Sisi hatukubali. Mtu aliye na shilingi chache anazipima kati ya unga, mafuta ya taa na karo. Dawa ya mbu hainunui mlo wa jioni, na mtoto ambaye hakuugua hamwonyeshi mzazi wake ugonjwa alioepushwa. Kosa halikuwa katika tabia ya watu. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kazi iliyobebwa na mikono mingi ingeweza kusimama baada ya mikono kuondolewa.

ASEMBO, NA HOFU ILIYOONDOLEWA

Wakati huo huo ilikuwapo hofu nyingine, nayo haikuwa ya kipuuzi. Wataalamu kadhaa walisema kwamba mtoto aumwaye na mbu hujipatia kinga kidogo kidogo. Akifichwa ndani ya chandarua utotoni, je, hatakufa baadaye akiwa mkubwa kidogo? Kama ndivyo, basi chandarua hakiokoi maisha, bali huahirisha mauti tu.

Jibu lilitoka Nyanza, katika Asembo na Gem, karibu na Ziwa Victoria, mahali ambapo malaria haina msimu wa kupumzika. Jaribio la huko lilianza katika miaka ya 1996 na 1997, nalo liliwahusu watu wapatao 125,000. Yalipatikana mambo mawili makubwa. La kwanza, hata baada ya kuwafuata watoto kwa muda wa miaka 6, haikuonekana kwamba mauti yalikuwa yamesogezwa mbele tu. Waliookoka walikuwa wameokoka kweli. La pili, nyumba zisizokuwa na vyandarua, zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka nyumba zenye vyandarua, nazo zilipata nafuu, kwa sababu mbu walikuwa wamekufa kwa jirani.

Wazee watalielewa jambo hili la pili upesi. Mtu achomaye takataka zake huwakinga jirani na nzi na panya, na mtu azibaye dimbwi lake hulinda mtaa mzima. Kama chandarua cha jirani chanifaa mimi, basi si haki gharama yake iwe juu ya jirani peke yake. Ni jambo la watu wote, kama barabara na kisima.

MIAKA YA KUNGOJA

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2000 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kwamba ifikapo mwaka wa 2005, watu 60 katika kila 100 walio katika hatari zaidi, hasa watoto wadogo na akina mama wajawazito, watakuwa wakilindwa kwa vyandarua au njia nyingine zifaazo. Ahadi ilikuwa njema. Lakini njia iliyochaguliwa hapa kwetu mwanzoni ilikuwa ni kuuza vyandarua madukani kwa bei iliyopunguzwa kidogo. Kuanzia mwaka wa 2004 viliuzwa pia katika kliniki za akina mama na watoto kwa shilingi 50.

Watafiti waliwafuata watoto katika wilaya 4: Kwale, Makueni, Bondo na Kisii. Mwaka wa 2004, wakati vyandarua vilipokuwa vya dukani, watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa 7 tu katika kila 100. Tena katika nyumba maskini kabisa hawakufika 3 katika 100, ilhali katika nyumba zenye nafuu zaidi walikuwa karibu 16. Vilipofika kliniki kwa shilingi 50, hesabu ilipanda, ikawa kama 23 au 24 katika 100 mwaka wa 2005. Hayo yalikuwa maendeleo, lakini mwaka wa ahadi ya Abuja ulikuwa umefika, na watoto zaidi ya 70 katika kila 100 walikuwa bado nje ya chandarua.

Kisha katika mwaka wa 2006 Serikali, kwa fedha zilizotoka katika Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, iligawa bure vyandarua milioni 3.4 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Ugawaji ulifanywa kwa awamu mbili, mwezi wa Julai na mwezi wa Septemba, na katika awamu ya kwanza uliambatana na kampeni ya chanjo ya surua. Mwisho wa mwaka huo, katika zile wilaya 4, watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa zaidi ya 66 katika 100. Tena ile tofauti ya maskini na mwenye nafuu ilikuwa imefutika kabisa: wote walikuwa zaidi ya 66. Watoto waliovitumia walikufa kwa kiasi kilichopungua asilimia 44 kuliko wenzao wasiovitumia.

Tangu mwaka wa 1996 hata 2006 ni miaka 10. Mtoto aliyezaliwa pwani mwaka yalipochapishwa matokeo ya Kilifi, kama alibahatika kuishi, alikuwa amekwisha kufika darasa la tatu au la nne kabla Serikali haijamletea mdogo wake chandarua. Hatuwezi kuwahesabu waliokufa katikati. Twasema tu kwamba elimu ya kuwaokoa ilikuwapo, nayo ilikuwa imepatikana katika ardhi yetu wenyewe.

MZOZO WA KITU CHA BURE

Tulipoijadili habari hii katika halmashauri, tuligawanyika. Baadhi ya wazee wetu walisema kwamba kitu cha bure hakina thamani, na mtu aliyepewa chandarua bila jasho atakifanya wavu wa samaki au ua la kuku. Chama chetu, wakaongeza, kimejengwa kwa michango. Tukisifu vitu vya bure tunawafundisha nini vijana? Maneno hayo yana uzito, na hatuwezi kuyapuuza.

Lakini jambo hili nalo limepimwa hapa hapa Kenya. Mwaka wa 2007, katika kliniki kadhaa za magharibi ya Kenya, akina mama wajawazito walipewa vyandarua kwa bei mbalimbali: mahali pengine bure, mahali pengine kwa shilingi chache, mpaka shilingi 40. Ilionekana kwamba bei ilipotoka bure ikafika shilingi 40, waliovichukua walipungua kwa zaidi ya nusu. Na je, waliopewa bure walivitupa? Hapana. Walipotembelewa nyumbani, walionekana wakivitumia sawasawa na wale walionunua. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba vyandarua vigawanywe bure au kwa bei ndogo sana, na viwafikie watu wote wakaao penye malaria.

Basi je, chama cha michango kitafanya nini na habari hii? Twaona jibu limo ndani ya desturi zetu wenyewe. Mwanachama anapofiwa, je, sisi humwuzia sanda au jeneza? Je, husimama mlangoni pake na kumwambia, leta shilingi kadhaa ndipo tuchimbe? La hasha. Sote tumekwisha kuchanga tangu mwanzo wa mwaka, kila mtu kwa uwezo wake, ili siku ya msiba pasiwe na bei. Hiyo ndiyo tofauti ya mchango na bei. Mchango hutolewa na wote kabla ya shida, na bei hutozwa mtu mmoja katikati ya shida. Chandarua cha mwaka wa 2006 hakikuwa cha bure kwa maana ya kwamba hakuna aliyelipa. Kililipiwa kabla hakijafika, na kwa hiyo kilifika.

NJIA YA JIRANI ZETU

Haifai kudhani kwamba njia ni moja tu. Jirani zetu wa Tanzania walianza katika bonde la Kilombero na Ulanga, ambako tangu mwaka wa 1997 vyandarua viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, pamoja na hati za kuwapunguzia bei akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga. Huko nako ilionekana kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walisalimika zaidi. Mwaka wa 2004 utaratibu huo wa hati ukaanza kupelekwa katika nchi nzima kwa jina la Hati Punguzo, nao uliendelea hata mwaka wa 2014. Mama alipokea hati kliniki, akaenda nayo dukani akaongeza kiasi kidogo. Ni mpango wa akili, uliowatumia wenye maduka waliokuwako tayari. Hata hivyo Tanzania nayo iliona kwamba hati peke yake haikutosha, ikafanya ugawaji mkubwa wa bure kuanzia mwaka wa 2009.

Jambo jingine lililozisaidia nchi zote mbili ni kubadilika kwa chandarua chenyewe. Katika miaka ya 2000 kilitokea chandarua ambacho dawa yake imo ndani ya uzi tangu kiwandani, nayo hudumu miaka kadhaa bila kuchovywa. Tangu mwaka wa 2003 vyandarua vya namna hiyo vilianza kutengenezwa Arusha. Hapo ile kazi ya beseni iliyokuwa imewashinda watu wa Kilifi na Gambia ikaondoka. Hatukuwafundisha watu kuwa na bidii zaidi. Tulikipunguzia kifaa haja ya kutunzwa. Mara nyingi hiyo ndiyo njia iliyo rahisi zaidi ya kuikuza kazi ndogo.

KUDUMU NI KAZI YA KILA SIKU

Msomaji asidhani kwamba habari imekwisha vizuri mwaka wa 2006. Chandarua huchakaa, na baada ya miaka kama 3 kina matundu na dawa imepungua. Kwa hiyo Kenya imelazimika kurudia ugawaji: mwaka wa 2011 na 2012 palifanywa ugawaji wa kumpatia kila mtu, yaani chandarua 1 kwa watu 2, katika sehemu zenye malaria, na kazi hiyo ikarudiwa baada ya kila miaka mitatu hivi. Kliniki nazo ziliendelea kuwapa akina mama wajawazito na watoto wachanga katikati ya zamu hizo. Mbu nao hawakulala. Wengi wamezoea dawa ya jamii ya permethrin, hata imebidi kutengeneza vyandarua vilivyochanganywa na dawa nyingine ya kuwavunja nguvu.

Iko pia hatari ya fedha. Sehemu kubwa ya gharama hizi ilitoka kwa wafadhili wa nje. Mwaka wa 2025 Serikali ya Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa kazi ya malaria nchini, ilikata sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu alikuwa akilima shamba letu kwa jembe lake, na hatuna hakika atalima hata lini. Tangu mwaka wa 2013 kazi nyingi za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi swali la kudumu haliulizwi tena ng'ambo. Linaulizwa katika mabunge ya kaunti, wakati wa kupanga makadirio ya fedha, na wazee wetu wana haki ya kuhudhuria mikutano ya wananchi na kuuliza ni kiasi gani kimetengwa.

Swali hilo hilo limekwisha kurudi kwa njia nyingine. Mwaka wa 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa majaribio katika sehemu za magharibi ya Kenya, na pia Ghana na Malawi. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri itumiwe kwa watoto wakaao penye malaria nyingi. Jaribio limefaulu, safari ya kutoka kitabuni hata kwa mama inaanza upya.

YATUPASAYO SISI

Twamaliza kwa mambo yaihusuyo kazi yetu wenyewe. Chama hiki ni kidogo, na hatuwezi kugawa vyandarua milioni. Lakini kila mara huletewa shauri la kuanzisha jambo la afya: choo cha shule, kisima, sanduku la huduma ya kwanza, au mafunzo ya wakunga. Kwa mafunzo ya Taveta na Kilifi, twashauri kwamba kabla ya kutoa fedha tujiulize maswali haya.

Kwanza, nani ataifanya kazi hii mwaka wa nne, baada ya shangwe za ufunguzi kusahauliwa? Kama hatuna jina, tusianze.

Pili, je, ipo njia iliyokwisha kukanyagwa ambayo kazi yetu yaweza kuifuata, kama vile kliniki, shule au siku ya chanjo? Vyandarua vya 2006 vilifuata njia ya chanjo na ya kliniki. Havikujitengenezea njia mpya.

Tatu, je, kitu chenyewe chahitaji kutunzwa kila mwezi, au chaweza kufanywa kigumu zaidi ili kihitaji matunzo machache?

Nne, fedha zitatoka kwa nani, na wakati gani? Tuchange wote mapema, wala tusimtoze mgonjwa mlangoni.

Tano, daftari liko wapi? Tuandike kabla ya kuanza, ili baadaye tuweze kusema kweli, hata ikiwa kweli hiyo ni kwamba tumeshindwa.

Wazee wetu, wako watu katika chama hiki waliozika watoto kwa homa kabla ya miaka ile. Hatukuandika kurasa hizi ili kuwatonesha kidonda. Tumeziandika ili wajukuu wao wakiuliza kwa nini huning'inia kitambaa juu ya kitanda, wapate kuambiwa kwamba kilifika pale baada ya kazi ndefu na kungoja kwingi, na kwamba kesho kitabaki pale kama sisi tutakuwa tumekilipia.

Ndimi wenzenu katika kazi,
Halmashauri ya Chama